Kisasi ni Ulinzi Uliochelewa

Kibanda umiza, ukumbi wa video wa mtaani, kina kelele nyingi, lakini iko moja ambayo hata mpita njia akiisikia anajua mkanda umefika wapi. Ni pale steringi, shujaa wa mkanda, anapofungua sanduku la silaha. Mke keshauawa, au binti keshatekwa, au rafiki keshazikwa. Steringi amelia, amelewa, amelala sakafuni. Sasa ananyanyuka, anapakia risasi moja moja, na hakuna aliyebaki ameketi kwenye benchi. Miluzi, makofi, vigelegele. Anayetafsiri anapaza sauti mpaka spika inakwaruza. Kuanzia hapo hakuna anayeuliza nani atakufa. Watu wanangoja kuona watakufa wangapi, na kwa namna gani.

Nimepiga makofi hayo tangu nikiwa darasa la tatu. Nilimpigia Arnold Schwarzenegger katika Commando ya mwaka 1985, baba anayewafuata waliomteka binti yake. Nilimpigia Liam Neeson katika Taken ya mwaka 2008, na Keanu Reeves katika John Wick ya mwaka 2014. Kuliko wote nilimpigia Denzel Washington katika Man on Fire ya mwaka 2004, mlinzi anayenyang'anywa mtoto aliyekabidhiwa, kisha anaingia mitaa ya jiji la Mexico akiwa moto unaotembea. Leo nayataka makofi yangu yote yarudi. Niliyatoa mahali pasipostahili.

Sizilaumu filamu hizi kwa sababu ya damu. Masimulizi ya bibi zetu nayo yalikuwa na damu, tena tuliyasikiliza gizani na tukalala salama. Kosa la filamu hizi ni jingine, na ni kubwa zaidi. Zinatufundisha kwamba mlinzi anapimwa baada ya madhara kutokea. Kabla ya hapo ni mtu asiye na jina, pengine mlevi, pengine aliyestaafu na kusahauliwa. Mtoto akishachukuliwa ndipo anakuwa mtu, na mapenzi yake yanahesabiwa kwa maiti. Huo ni uongo, na umetugharimu. Kisasi ni ulinzi uliochelewa. Hakuna idadi ya maiti inayoweza kumrudisha mlinzi lindoni saa ile alipohitajiwa.

Nayasema haya nikiwa mtoto wa mlinzi. Baba yangu aliingia lindo kila jioni kwa miaka kumi na tisa, akilinda ghala moja kando ya Barabara ya Pugu, Dar es Salaam. Silaha zake zilikuwa rungu, tochi na filimbi. Akiba yake ilikuwa koti zito na chupa ya chai ya tangawizi. Sisi watoto tulijifunza kucheza bila kelele mchana kutwa kwa sababu baba amelala. Katika miaka hiyo yote ghala lile halikuvunjwa. Siku alipoacha kazi alirudisha koti na tochi, akasaini daftari, akapanda daladala kurudi nyumbani. Hakuna aliyempigia makofi, maana hapakuwa na kisa cha kusimulia. Usiku ambao hakuna kilichotokea haupati msimuliaji, ingawa usiku huo ndio ushindi wenyewe wa mlinzi.

Walinzi wa aina yake wamejaa katika kila mtaa. Yuko mama anayesimama kituoni saa moja usiku mpaka binti yake ashuke kwenye basi. Yuko mwalimu wa zamu anayehesabu watoto mara mbili kabla ya kufunga lango. Yuko kondakta anayeshuka kwanza, akanyoosha mkono kusimamisha magari, ndipo wanafunzi wavuke. Wazee walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Filamu ya kisasi inaruka habari zote za ufa, inasubiri ukuta uanguke juu ya mtoto, kisha inatuomba tumshangilie mtu anayebomoa nyumba nzima akimtafuta aliyeupasua.

Tuitazame Man on Fire kwa makini, kwa sababu ndiyo iliyo bora kati ya zote, na ubora wake unatoa ushahidi dhidi yake yenyewe. Creasy, askari wa zamani aliyechoka na kuishi, anaajiriwa na familia ya tajiri kumlinda binti yao Pita. Anaajiriwa kwa kuwa bei yake ni nafuu, na kwa kuwa familia inahitaji mlinzi ili bima ya utekaji iendelee kuwa hai. Taratibu mtoto yule anamfufua. Creasy anamfundisha kuogelea, anamsaidia masomo, anaanza tena kucheka. Kisha Pita anatekwa nje ya nyumba ya mwalimu wake wa kinanda, Creasy anapigwa risasi, fedha za fidia zinavamiwa njiani na polisi wala rushwa, na habari inakuja kwamba mtoto ameuawa.

Hapo ndipo sanduku la silaha linapofunguliwa na benchi zinaposimama. Creasy anamfunga mtu kwenye usukani na kumkata vidole. Anaua mmoja baada ya mwingine, akipanda ngazi ya uhalifu ule kidato kwa kidato. Sasa nisikilize, ndugu msomaji uliyeitazama mara kumi kama mimi. Pita hakuwa amekufa. Mauaji yote yale yalifanywa kwa ajili ya maiti isiyokuwapo. Jambo la kwanza kabisa ambalo mlipiza kisasi alipaswa kulijua, hakulijua. Alikuwa na uhakika wa moto mkali, na uhakika huo ulikuwa umekosea. Aliyefungua mlango wa utekaji naye hakutoka gizani: alikuwa baba mzazi wa Pita, aliyekubaliana na wakili wake wapange utekaji wa binti huyo ili wale fedha za bima. Kikulacho ki nguoni mwako. Creasy alikuwa akiketi naye nyumba moja.

Mtoto anarudije? Anarudi kwa kubadilishana watu darajani. Creasy, akivuja damu, anajitoa mwenyewe kwa watekaji, na Pita anakimbilia kwa mama yake. Kwa dakika zile chache Creasy amekuwa mlinzi tena: amesimama kati ya mtoto na hatari, kabla ya hatari kumfikia. Katika riwaya ya A. J. Quinnell ya mwaka 1980 iliyozaa filamu hii, kisa kikiwa Italia, binti huyo hufa kweli. Waliotengeneza filamu ya 2004 waliamua aishi. Uamuzi huo ulipaswa kutufanya tuyaonee haya makofi yetu. Hatukuona haya. Tulitoka nje tukisimulia vidole.

Najua jibu la mashabiki wenzangu. Watasema bila mateso yale Creasy asingemkamata ndugu wa mkuu wa watekaji, na bila ndugu yule asingekuwa na cha kubadilishana. Ni kweli, ndivyo ilivyoandikwa. Brian Helgeland, mwandishi wa mswada wa filamu ile, alihakikisha kila aliyekamatwa na Creasy ana hatia, kila aliyeteswa anasema ukweli, na kila jina linaongoza kwenye jina sahihi. Steringi wa kisasi hakosei mlango. Sisi watazamaji tulikuwapo wakati wa tendo, tulimwona mwizi kwa macho yetu, kwa hiyo hatuhitaji shahidi wala hakimu. Utamu wote wa filamu hizi umo humo. Zinatukopesha uhakika ambao binadamu hapewi.

Mtaani kwetu hatuna Brian Helgeland.

Mtaani tuna sauti moja inayopasua usiku: "Mwizi!" Tuna kijana anayekimbia, na watu mia wanaomkimbiza, na kati ya mia hao pengine hayupo hata mmoja aliyeona kilichoibwa. Tuna mawe, tairi na petroli. Asubuhi tuna aya nne gazetini, zikiwa na maneno ambayo kila Mtanzania anayajua kwa moyo: ameuawa na wananchi wenye hasira kali.

Mnamo Oktoba 2016, watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walifika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Walikuja kuchukua sampuli za udongo, kazi ya kumsaidia mkulima. Uvumi ukaenea kwamba ni wanyonya damu. Watu wakakusanyika, wakawaua, wakawachoma pamoja na gari lao. Siamini kwamba kijiji kizima kiliamka siku ile kikiwa na roho ya shetani. Naamini wengi wao walijiona walinzi. Walidhani wanasimama kati ya watoto wao na hatari. Walikuwa na hasira ya Creasy na uhakika wa Creasy, na mlango waliouvunja haukuwa wa adui. Watafiti wawili wa udongo na dereva wao walikufa mikononi mwa watu ambao wao walikuja kuwahudumia.

Agosti 2021, huko Kitengela, kaunti ya Kajiado nchini Kenya, vijana wanne waliokuwa kwenye pikipiki walizingirwa na kuuawa wakidhaniwa wezi wa mifugo. Kwa mfugaji, ng'ombe ni ada ya shule, mahari na dawa za hospitali, na anayemwibia amegusa uhai wake. Uchungu huo ni halali. Lakini uchungu halali haumfanyi aliye mbele yako kuwa mwizi. Familia nne zilizika wana wao kwa sababu kundi la walinzi halikuwa na subira ya kuuliza swali moja na kungoja jibu.

Mtu ataniambia filamu haikuwasha kiberiti. Sikusema iliwasha. Sina ushahidi kwamba mtu alitoka kibandani akaenda kuua, na sitauzua, maana makala yote haya yanalia juu ya watu wanaohukumu bila ushahidi. Nasema filamu inatufundisha namna ya kuitazama hasira. Inatuambia hasira ya mtu aliyeonewa ina macho. Hasira haina macho. Ina miguu na mikono tu.

Aliyewahi kuliona hili mapema alikuwa mwandishi wa hadithi hizo mwenyewe. Brian Garfield, Mmarekani, alitoa riwaya ya Death Wish mwaka 1972, kuhusu mtu wa kawaida wa New York anayeanza kuua wahalifu baada ya familia yake kushambuliwa. Alikusudia kumwonyesha mtu anayeharibikiwa. Mwaka 1974 ikawa filamu, Charles Bronson akacheza, na kumbi zikamshangilia mharibikiwa kama shujaa. Garfield hakufurahi. Mwaka 1975 akatoa kitabu kingine, Death Sentence, ili aeleze ubaya wa njia ile. Makofi yalikuwa yamekwisha mshinda. Filamu za Bronson ziliendelea hadi sehemu ya tano.

Tukirudi kwa Taken, kuna tukio moja ambalo ningependa kila baba mwenye binti alitazame upya. Bryan Mills anakwenda kula chakula cha jioni nyumbani kwa rafiki yake wa zamani, Mfaransa, anayemshuku kula rushwa. Ili amlazimishe kusema, anampiga risasi mke wa rafiki huyo mkononi. Mwanamke yule hakuteka mtu. Alikuwa mezani kwake, akimkaribisha mgeni. Kibandani tulicheka. Halafu yuko Amanda, msichana aliyetekwa pamoja na binti wa Mills. Anakutwa amekufa kitandani, amefungwa, na filamu haina muda wa kumlilia. Wako wasichana wengine waliolala kwenye vitanda vya jirani, wenye mama zao mahali fulani. Shujaa wetu anamchukua mmoja kwa kuwa amevaa koti la bintiye. Hivi ndivyo kisasi kinavyohesabu: wangu ni mtu, wa wenzangu ni mapambo ya ukuta. Jamii inayolindwa kwa hesabu hiyo imebaki bila ulinzi, kwa sababu kwa mtu mwingine kila mtoto ni "wa wenzangu".

Sasa nifike kwenye hoja nzito kuliko zote dhidi yangu, na sitaikwepa. Watu wanazipenda filamu hizi kwa sababu walikwenda kituo cha polisi na wakarudi mikono mitupu. Waliambiwa walete karatasi ya kuandikia maelezo, walete mafuta ya gari, warudi kesho. Walimkamata mwizi, wakamfikisha, na kesho yake wakamkuta kijiweni akiwacheka. Katika nchi ambayo neno utekaji limekuwa la kawaida magazetini, mzazi anayetazama polisi wa Mexico wakivamia fedha za fidia haoni mambo ya kubuni. Anaona jirani. Kiu yake ya haki ni ya kweli, na anayeidharau hajawahi kuibiwa kitu alichokitolea jasho.

Serikali nazo zinaijua kiu hiyo, na mara nyingi zimetaka kuizima kwa njia rahisi. Wapenzi wa picha la Kihindi wanaikumbuka Sholay ya mwaka 1975. Thakur, ofisa wa polisi wa zamani, ameuliwa familia yake na jambazi Gabbar Singh, kisha akakatwa mikono yote miwili. Katika mwisho uliopigwa kwanza, Thakur alimuua Gabbar kwa miguu yake. India ilikuwa katika hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi wa filamu ikataka mwisho mwingine: polisi wanafika dakika ya mwisho, Gabbar anakamatwa. Mwisho huo ndio uliooneshwa kumbini filamu ilipotoka. Je, watu walirudi nyumbani wakiwa na imani zaidi na polisi? Polisi wa skrini hawachunguzi kesi za mtaani. Mwisho unaopaswa kuandikwa upya ni ule wa pale kaunta ya kituo, ambapo mama aliyebakiwa mtoto anaambiwa arudi Jumatatu.

Kwa hiyo siombi filamu zipigwe marufuku. Naomba mambo magumu kuliko marufuku.

Nawaomba polisi waelewe kwamba kila jalada linalopotea linamwaga petroli kwenye tairi la mtu atakayechomwa mwakani. Nawaomba viongozi wa mitaa waliosoma historia ya sungusungu wakumbuke pande zake zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa Usukuma na Unyamwezi walichoka na wizi wa ng'ombe, wakajipanga wenyewe kulinda vijiji, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Pale walipokesha na kufuata nyayo za mifugo, walikuwa walinzi. Pale walipogeuka mshitaki, hakimu na mnyongaji katika usiku mmoja, walioumia ni pamoja na wanawake wazee waliotuhumiwa uchawi. Ni watu walewale, na lindo ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba waliacha kuzuia madhara wakaanza kuyalipiza.

Na ninyi wahariri wenzangu, lifuteni lile neno. "Wananchi wenye hasira kali" ni joho tunalowavika wauaji ili wasionekane sura. Mtu aliyeleta kiberiti ana jina. Aliyebeba tairi ana jina. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza kumtendea mshitakiwa kana kwamba ana hatia kabla haijathibitishwa. Haikuweka kando saa za usiku wala siku za hasira.

Nimebakiza kisa kimoja cha baba yangu. Nilisema usiku wake haukuwa na visa. Kilikuwepo kimoja, na alitusimulia mara moja tu.

Alimkamata kijana akiruka ukuta wa ghala, saa tisa usiku, mikononi ana kipande cha nondo. Alipopuliza filimbi, wapakizi waliokuwa wamelala kwenye malori jirani wakaamka wote. Walikuwa wamewahi kuibiwa betri na maturubai, na kila mmoja alikuwa na deni lake la hasira. Walikuja na mawe. Mmoja alikuwa ameshachomoa mpira wa kunyonyea mafuta. Baba akamwingiza kijana yule kwenye kibanda cha mlinzi, akafunga mlango, akaweka kiti nje ya mlango, akaketi na rungu lake magotini. Wakamwuliza kama amelipwa na wezi. Akawajibu kwamba kazi yake ni kulinda kila kilichomo ndani ya ua ule mpaka kukuche, na kijana yule sasa yumo ndani ya ua.

Walimtukana, wakamrushia jiwe lililompata begani, wakachoka, wakarudi kulala. Hakuwa na bunduki. Hakuna aliyesimama kumshangilia. Mimi nikiwa mtoto niliona aibu kidogo, kwa kuwa steringi wangu wa wakati huo angemaliza mambo kwa njia nyingine. Imenichukua miaka mingi na mazishi yake kuelewa kwamba usiku ule mlinzi mmoja aliokoa ghala, akaokoa mwizi, na akawaokoa wapakizi ishirini wasiamke asubuhi wakiwa wauaji.

Polisi walifika saa mbili asubuhi. Baba alisimama, akasogeza kiti, akafungua mlango. Kijana akatoka akitembea kwa miguu yake mwenyewe.